Usisaini hiyo karatasi kabla hujaliona jina lako kwenye fomu ya hataza

Mdogo wangu weka kalamu chini kwanza. Umesema bosi kakupa karatasi ya kuhamisha haki za kile kifaa ulichobuni kazini, anakwambia "ni utaratibu tu", Jumatatu umrudishie. Utaratibu tu! Mimi huku Tanga niliambiwa hivyohivyo, na donge bado liko kooni.

Nilikuwa fundi kwenye kitengo cha utafiti, wapi sisemi, tunahangaika na korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, singa (nyuzi zake) zinakatikakatika mno. Nikachezea mkao wa visu na ile nafasi kati ya visu na chuma ambacho jani linapita juu yake, nikachora kwenye daftari, nikachomelea mwenyewe, singa zikaanza kutoka ndefu zimenyooka. Bosi akaniita, akaniagizia chai, mwanangu saini hapa. Kurasa mbili. Umiliki uende kwa mwajiri, hilo sikuligombania, maana sheria yetu ya 1987 ya hataza, yaani patenti, haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, inampa mwajiri kilichobuniwa ndani ya kazi aliyokuajiria kama mkataba hausemi vingine. Kilichoniua ni mstari mmoja ukurasa wa pili, "mchango wake kama msaidizi wa kiufundi". Msaidizi! Yaani nilikuwa nafuata maelekezo ya mtu, na anayefuata maelekezo tu hahesabiwi mvumbuzi. Maombi yakaenda na wavumbuzi wawili, bosi na jamaa wa ofisini ambaye korona anaijua kwa mlio tu akipita na gari. Kulalamika, wakanitolea karatasi ileile, sahihi yangu chini.

Na yule bosi alijua anachofanya, msomi mzima hawezi kuniambia hajui kwamba mmiliki na mvumbuzi ni vitu viwili. Mkataba wa Paris wa kulinda mali za viwanda, ibara ya 4ter, na Tanzania tumo, unasema mvumbuzi ana haki ya kutajwa kwenye hataza. Kwa hiyo hataza iwe ya mwajiri, sawa, jina lako likae palepale, ndilo utakaloombea kazi na masomo kesho.

Sasa fanya hivi tu, mengine baadaye: USISAINI hamisho lolote mpaka wakuonyeshe fomu ya maombi yenyewe, ile inayokwenda BRELA, wakala wetu wa usajili, au ARIPO, shirika la haki miliki la Afrika kule Harare, uone jina lako kwenye sehemu ya mvumbuzi. Neno msaidizi, mshiriki, sijui mchangiaji, kata, waandike "mvumbuzi". Daftari lako la kazi liwe na tarehe kila ukurasa na mwenzako aliyeona asaini pembeni. Wakikataa andika barua kueleza ulichobuni wewe, peleka masjala wapige muhuri wa kupokea, kopi baki nayo.

Hayo ya ada na ya kukipeleka kwenye maonyesho uliyouliza yaache kwanza, tena kifaa usikionyeshe kokote kabla maombi hayajaingia. Jumatatu nenda kaombe fomu, na hiyo karatasi ipige picha leo usiku.