Jibu: usirekebishe "batu" iwe "watu"

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kulinganisha maneno ya wauza sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) wa soko la Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, na tangazo la karatasi, na kama "batu" uiandike "watu". Tafadhali usirekebishe! Hiyo ba-, inayosimama mahali pa wa- ya Kiswahili sanifu, ndiyo ushahidi wako wa Kiswahili cha Bukavu.

Mimi nilimrekodi mama mmoja, kwa ruhusa yake: "Batu beko banakuya, kamata hii, hii ya huku, tusambaza tuzuri." Sikiliza vizuri. "Beko bana-" ("wako wana-") inasema jambo linaendelea sasa hivi. Tu- ya "tusambaza" haionyeshi udogo peke yake, inambembeleza mnunuzi. Na "hii ya huku" haieleweki bila kidole chake, kwa hiyo pembeni ya kila sentensi andika mkono ulifanya nini. Hata "donc" ("kwa hiyo") ya Kifaransa iache mahali pake, mara nyingi ndiyo inayofungua hoja.

Sasa tangazo: "Wakaaji wote wanaombwa kuhudhuria salongo", yaani kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa. Wanaombwa na nani? Kauli ya kutendwa imemficha mwenye amri, na "kuombwa" kumeilainisha. Sokoni hakuna anayejificha hivyo. Anza na dakika tano tu za sauti, uzilete hapa tuzisome pamoja.