Kabla ya Kumlaumu Anayekataa Chanjo, Muulize Anakumbuka Nini

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Ngaramtoni, Arusha, mama wa binti wa miaka 11, akiniomba nimpe maneno ya kumnyamazisha mumewe. Binti yao anatakiwa kupata chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, mama ameridhia, na baba amekataa katakata kwa hoja kwamba sindano hiyo inaua uzazi. Nimemjibu kwamba maneno ya kumnyamazisha mtu sinayo, na hata ningekuwa nayo nisingempa, kwa sababu katika miaka yote niliyofundisha shule ya msingi huku Old Moshi sijapata kuona mzazi aliyenyamazishwa akamleta mtoto wake. Mzazi wa namna hiyo huitikia “sawa, mwalimu,” huondoka zake, na siku ya chanjo mtoto wake huwa na homa.

Ninayasema haya kwa sababu niliyaona kwa macho yangu. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ulitangulia kuipokea chanjo hii kuanzia mwaka 2014, ilhali nchi nzima iliipata mwaka 2018. Kilichokuwa kikijaribiwa kwetu ni namna ya kuwafikia wasichana, wala si dawa yenyewe, ambayo ilikuwa imekwisha kuidhinishwa na kutumika nje tangu mwaka 2006. Lakini hakuna aliyefika kutueleza hivyo kwa utulivu. Kilichowafikia wazazi ni kwamba Kilimanjaro imechaguliwa, kwamba wanaochanjwa ni wasichana peke yao, na kwamba ni wale wadogo ambao hata hawajavunja ungo. Jumapili iliyofuata, pale kwenye mnada baada ya ibada, watu waliacha kushindania mkungu wa ndizi wakawa wanaulizana: kwa nini sisi, na kwa nini mabinti?

Shule iliitisha mkutano wa wazazi, na afisa mmoja akatumwa kuja kuelimisha. Alikuja amechelewa, akasoma karatasi yake kwa haraka, kisha akauliza kama kuna swali. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango alisimama, akavua kofia yake, akauliza kwa sauti ya upole kabisa: “Ndugu afisa, hao wataalamu unaowasema, kichwa cha Mangi Meli wamekipeleka wapi?” Afisa akacheka. Akasema hayo ni mambo ya Wajerumani, tuzungumze ya leo. Mzee akaivaa kofia yake akatoka, na akina baba kadhaa wakamfuata, na mkutano ukawa umekufa hapohapo ingawa karatasi ya mahudhurio iliendelea kuzungushwa ili watu wasaini.

Kwa wasomaji wasio wa huku, naomba nieleze. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa hapa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani papa hapa mwezi Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Wachagga na wa Meru. Inaaminika kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Zama hizo mafuvu ya Waafrika yalikusanywa kwa maelfu na kupelekwa Berlin, yakapimwa kwa rula na kuandikwa namba, na kazi hiyo iliitwa sayansi. Kwa hiyo swali la mzee halikuwa nje ya mada hata kidogo. Alikuwa anauliza kama watu waliowahi kuufanya mwili wa babu yake kuwa kitu cha utafiti wanaweza leo kuaminiwa na mwili wa mjukuu wake. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyahusisha baadhi ya mafuvu waliyoyahifadhi na ndugu walio hai huku kwetu, mojawapo likiwa la mshauri wa Mangi Meli mwenyewe. Natumaini yule afisa aliisoma habari hiyo, na kama hakuisoma, basi nimemwandikia hapa.

Watu husema chanjo hukataliwa na wasiosoma. Mimi siamini hivyo, kwa sababu wapingaji wakali niliokutana nao walikuwa wanajua historia kuliko sisi tuliowahubiria. Mwanzoni mwa karne iliyopita, daktari mashuhuri Robert Koch aliwatibu wagonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, Uganda, kwa dawa iitwayo atoksili, na baadhi yao wakapofuka. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer iliwapa watoto dawa iliyokuwa ikifanyiwa majaribio, na familia nyingi zikasema baadaye kwamba hazikuelezwa ni jaribio. Basi mwaka 2003 viongozi wa Kano walipoisimamisha chanjo ya polio kwa madai kwamba inafunga uzazi, madai yalikuwa ya uongo, lakini yaliangukia penye kidonda kibichi, na virusi vya polio vikasambaa kutoka Nigeria hadi nchi ambazo zilikuwa zimekwisha kuvitokomeza. Mwaka 2011 huko Pakistani shirika la ujasusi la Marekani lilitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini kama kisingizio cha kumtafuta Osama bin Laden. Hata hofu ya uzazi, ambayo wataalamu wetu huipuuza kwa kicheko, ina chimbuko: mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Namibia ilithibitisha kwamba wanawake watatu wenye VVU walifungwa kizazi hospitalini bila ridhaa yao ya kweli.

Ulaya nako wana yao, ya aina nyingine. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha utafiti wa watoto 12 tu akidokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji; jarida la kitabibu la Lancet, lililouchapisha, liliufuta mwaka 2010 na yeye akafutwa katika orodha ya madaktari. Hilo halijazuia video zake kufika katika makundi yetu ya WhatsApp, zikiwa zimetafsiriwa.

Mwenye kutaka kujua imani inavyofanya kazi hana haja ya kwenda mbali. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500. Walikwenda maskini na matajiri, mawaziri nao wakaenda, na wapo walioondoka wodini kwenda huko. Hakuna aliyeuliza kikombe kile kimepimwa wapi. Babu huyo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliketi mahali palepale, akatoa kikombe kwa mikono yake mwenyewe, hakumfokea mtu, na bei yake haikubadilika kulingana na suti ya mgonjwa. Sisemi dawa yake ilifaa. Nimewazika watu walioacha dawa zao za VVU kwa ajili ya safari ile. Ninasema kwamba Babu alikuwa na kitu ambacho zahanati nyingi hazina, na muuguzi anayetaka kuaminiwa angefaa akajiuliza ni kitu gani.

Nirudi kwenye habari yetu. Baada ya mkutano ule kuvunjika, tuliandaa mwingine sisi wenyewe, uwanjani kwa kanisa, mnada ulipokwisha. Tulimwalika muuguzi wa zahanati, binti wa kijijini hapohapo ambaye nilimfundisha kusoma, na kila mtu pale alimjua mama yake. Hakusoma karatasi. Alilifungua kasha la baridi, akaondoa vipande vya barafu, akatoa kichupa na kukiweka katika kiganja cha bibi aliyekuwa mbele. Akamwonyesha duara dogo kwenye lebo, lenye mraba ndani yake. “Bibi, huu mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Ikipata joto jingi, mraba unakuwa mweusi, na hapo mimi mwenyewe naitupa.” Kichupa kikapita mkono kwa mkono, bibi mmoja akakinusa, watu wakacheka, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikaona mabega ya wazazi yameshuka.

Yule mzee alikuwepo, amesimama nyuma chini ya mparachichi. Aliuliza swali lingine ambalo hakuna mtaalamu aliyelifikiria: majina ya wajukuu zetu mtayapeleka wapi? Muuguzi akaleta daftari, akamfungulia ukurasa, akamwonyesha kwamba majina yanabaki zahanati na kwamba kinachopelekwa wilayani ni idadi. Mzee akausoma ukurasa ule mstari kwa mstari, hakuharakishwa na mtu. Kisha bibi mwenye kichupa akanigeukia mimi: “Na wewe mwalimu, wa kwako je?” Nikamjibu kwamba kitinda mimba wangu atakuwa wa kwanza mstarini na wakitaka waje waone. Walikuja, tena wengi kuliko wanaokuja siku ya kufunga shule. Walimwona akikunja uso, akichomwa begani, akiketi kidogo, na kurudi darasani. Wasichana wa darasa letu walichanjwa karibu wote, na sitajifanya mnyenyekevu: kazi ile ilikuwa yetu, ingawa walioalikwa mbele siku ya pongezi walikuwa wengine.

Ya mwaka 2021 siyapendi kuyasimulia, ila hayakwepeki. Mwezi Januari mwaka ule Rais John Magufuli, akiwa Chato, alisema hadharani kwamba chanjo za korona hazifai. Tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya kamera na kuwahimiza wananchi. Mimi nilichanjwa mapema, nikasaini fomu ya ridhaa kama wengine, nikaanza kuwashawishi majirani kwa bidii ileile ya zamani. Pale mnadani ukaenea uvumi kwamba nimekula hela za wazungu. Rafiki niliyecheza naye upatu kwa miaka mingi aliniondoa katika kikundi chao, tena kwa kumtuma mtoto. Sijamsahau. Lakini nikiweka uchungu kando, namwelewa: yeye alimsikiliza kiongozi wake mwezi Januari akatii, na mwezi Agosti akaitwa mjinga kwa kosa la kutii, na katikati ya miezi hiyo hakuna aliyekuja kumweleza kilichobadilika na kwa sababu gani.

Ndiyo maana, ndugu zangu, ushauri wangu ni mfupi na nitaurudia hata mkichoka. Sikiliza kwanza. Usimcheke mtu. Ukisikia mtu anataja mumiani, Wajerumani au kufungwa kizazi, usikimbilie kumsahihisha. Muulize alisikia wapi, nani alimwambia, na ni nini kilimpata yeye au ndugu yake katika hospitali alizowahi kufika, kwani mara nyingi chini ya hadithi kubwa ya wazungu utakuta hadithi ndogo ya mama aliyetukanwa akiwa na uchungu wa kujifungua. Ninyi wauguzi, mnapomfokea mama kwa sababu amesahau kadi ya kliniki, mnajenga leo ukaidi ambao kampeni ya kesho itashindwa kuubomoa. Ninyi viongozi, msiwe mnakumbuka kuja kijijini siku ya sindano tu, ilhali dawa ya homa ya mtoto haipo zahanati mwezi mzima. Nanyi mliosoma, acheni kuwaita wenzenu washamba. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya kawaida duniani, Oktoba 1977, alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca huko Somalia, mtu aliyeishi katikati ya wataalamu wa chanjo na bado akaikwepa sindano kwa kuogopa maumivu. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa anazunguka kuhimiza wazazi kuhusu polio, akiwaeleza kisa chake yeye mwenyewe. Sikiliza kwanza; nimekwisha kusema.

Sasa kwako, mama wa Ngaramtoni. Mumeo asiambiwe kwamba anaongea upuuzi. Mwambie kwamba hofu yake ya uzazi wa binti ni hofu ya baba anayejali, kisha mweleze kwamba chanjo hii haigusi kizazi. Inaufundisha mwili kuvitambua virusi vya papiloma, ambavyo uhusiano wake na saratani hii ulimpatia mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Mweleze pia kwamba saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini kwetu, na kwamba matibabu yake ndiyo yanayoweza kuondoa kizazi. Usimweleze usiku akiwa amechoka, wala mbele ya mama yake.

Tangu mwaka 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja tu, kwa hiyo binti yenu bado ana nafasi na hakuna sababu ya kugombana wiki hii. Nendeni zahanati ninyi wawili bila mtoto, siku isiyo ya kliniki ili muuguzi awe na muda. Baba aombe kuonyeshwa kichupa, lebo na daftari, na aulize yeye maswali yake, wewe ukae kimya. Muuguzi akikasirika kwa kuulizwa, msibishane naye. Ondokeni mwende kituo kingine, Arusha vipo vingi, na katika vituo vya serikali chanjo hii hailipiwi.