Maswali ya Wasomaji: Virusi Vikiingia, Usikimbilie Kufuta

SWALI: Nimechomeka flashi na kukuta kila folda imegeuka njia ya mkato (shortcut). Faili hazionekani, ila nafasi bado inaonekana imejaa. Nimeshauriwa niifomati. Je, ni sawa?

JIBU: Usiifomati kwanza. Nafasi ikiwa bado imeliwa, faili zipo. Kirusi cha aina hii kwa kawaida hakifuti kitu. Huzipachika faili zako alama ya kufichwa na alama ya mfumo, kisha huweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya mojawapo, kirusi hujiendesha kwanza, ndipo kinakufungulia folda yako ili usishtuke.

Wengi husafisha flashi halafu wanairudisha kwenye kompyuta ileile iliyoiambukiza, na baada ya sekunde chache wako walipoanzia. Anza na kompyuta. Chomoa flashi, fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, kisha Scan options, chagua Microsoft Defender Offline. Hifadhi kazi zako kabla, maana kompyuta itajiwasha upya na kukaguliwa kwa takriban dakika 15 nje ya Windows. Faida yake iko hapo: kirusi ambacho hakijaanza kazi hakiwezi kujificha wala kuzuia ukaguzi.

Ukimaliza, chomeka flashi bila kubofya chochote ndani yake. Tazama herufi yake. Tuseme ni E. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hiyo -h huondoa ufichaji, -s huondoa alama ya mfumo, -r huondoa zuio la kuandika. /S hupenya hadi folda za ndani, na /d huzigusa folda zenyewe. Hakiki herufi kabla ya kubonyeza Enter. Ukiweka C badala ya E utavuruga alama za faili za Windows. Usishangae ukikuta folda isiyo na jina kabisa: baadhi ya virusi hivi husukumia kila kitu humo.

Kabla ya kunakili, washa File name extensions kwenye menyu ya View, la sivyo faili iitwayo picha.jpg.exe itajionyesha kama picha ya kawaida. Nakili nyaraka na picha tu. Vinavyoishia na .lnk, .vbs, .js au .exe viache. Sasa ndiyo ufomati.

SWALI: Nilipakua programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli. Sasa picha na nyaraka zote zimeongezewa herufi nne mwishoni na hazifunguki. Kuna faili iitwayo _readme.txt inayodai dola 980, au 490 nikilipa ndani ya saa 72. Nilipe?

JIBU: Usilipe. Kirusi kimezifunga faili zako kwa msimbo, na hakuna kinachomlazimisha mhalifu kukupa ufunguo wa kuzifungua baada ya kupokea pesa. Maelezo yako yanalingana na familia ya virusi vya kudai fidia iitwayo STOP/Djvu, inayosambaa sana kupitia programu za aina hiyo.

Kata intaneti, na usichomeke diski yenye nakala zako za akiba. Kirusi hiki huacha kazi iliyopangwa ndani ya Task Scheduler, sehemu ya Windows inayoendesha kazi kwa ratiba, mara nyingi kwa jina la Time Trigger Task, inayojirudia kila baada ya dakika chache. Diski safi ukiichomeka mapema, nayo itafungwa. Kagua kwa Defender Offline, kisha hakikisha kazi hiyo imeondoka. Tovuti za usalama zikikataa kufunguka, angalia faili ya hosts iliyomo C:\Windows\System32\drivers\etc, kwa kuwa kirusi huongeza humo mistari ya kuzizuia.

Faili zilizofungwa usizifute. Zinakili kwenye diski ya nje pamoja na _readme.txt. Ndani yake mna kitambulisho chako: kikiishia na t1, ufunguo uliotumika ni wa pamoja kwa waathirika wengi, na programu ya bure ya kampuni ya usalama ya Emsisoft huenda ikazifungua iwapo ufunguo huo umeshapatikana. Kisipoishia hivyo, kompyuta yako ina ufunguo wake peke yake, na anayekuahidi kuzifungua faili kwa ada anakulia pesa. Kama hujui ni familia gani, tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 kwa ushirikiano wa Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama, hutambua aina kwa faili mbili za mfano na ujumbe wa mhalifu.

Kuna mwanya mmoja ambao wengi hawaujui. STOP/Djvu hufunga takriban kilobaiti 150 za mwanzo wa faili tu. Hati fupi imekwisha, lakini video ndefu, muziki au faili kubwa ya zip inaweza kukarabatiwa kwa sehemu kubwa.

Halafu nywila. Kirusi hiki mara nyingi huja na mwenzake anayeiba nywila na kuki za kivinjari, yaani faili ndogo zinazokumbuka kuwa umeshaingia kwenye akaunti. Badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine, ukianza na barua pepe, na uondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Mwenye kuki yako haihitaji nywila. Mwisho sakinisha Windows upya kutoka kwenye flashi ya gigabaiti 8 iliyotengenezwa kwenye kompyuta safi.

SWALI: Kila dakika kona ya skrini inaniambia nina virusi 5 na nipige simu. Nimekagua, hakuna kitu.

JIBU: Ni arifa za tovuti uliyoiruhusu bila kujua, pengine ulipobofya "Allow" kuthibitisha kuwa wewe si roboti. Kwenye Chrome ingia Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications, uondoe kila tovuti usiyoifahamu. Usipige simu. Kama ulishapiga na wakakuelekeza kusakinisha programu ya kuongoza kompyuta kwa mbali, kata intaneti, iondoe programu hiyo, kisha zungumza na benki yako kabla ya kuendelea na usafi.