Nimekariri liki ishirini, mbona solo inatoka kama pambio?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi napiga gitaa la rizimu kanisani huku Mbagala, mwaka wa tatu sasa. Napenda sana solo za bluzi na roki, zile ambazo uzi unalia kama mtu. Nimejifunza skeli ya pentatoniki ya A maina pale freti ya 5 (kile chuma cha tano kwenye shingo ya gitaa), na nimekariri kama liki ishirini, vile vipande vifupi vya solo, kutoka kwenye video. Tatizo, nikiwasha muziki wa kusindikiza na kuanza kupiga, inatoka kama napanda na kushuka ngazi. Rafiki yangu wa besi ananicheka, anasema napiga pambio. Nikivuta uzi ndiyo kabisa, utadhani gitaa halijatyuniwa, na mwezi huu nimekata uzi wa tatu mara mbili. Nyumbani nina gitaa kavu. La umeme nalishika siku za mazoezi na Jumapili tu. Je, nitafute liki nyingine au ninunue pedali, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Liki ishirini zitakutosha mpaka mwakani, na pedali iache dukani kwanza. Huyo rafiki yako wa besi ana sikio. Ugonjwa kautaja vizuri, ila hajakwambia umeupata wapi.

Wewe ni mtu wa kanisani, kwa hiyo tuongee lugha ya kwaya. Noti tano za pentatoniki ya A maina ni A, C, D, E na G. Ukiziimba kwa do ya C zinakuwa la, do, re, mi, so. Sasa zianzie do: do, re, mi, so, la. Umeona? Hizo ni noti za mapambio kibao unayopiga kila Jumapili, na ndizo zimejaa kwenye nyimbo tulizolelewa nazo tangu utotoni. Mkono wako uko mahali sahihi, freti ya 5, lakini sikio limeshazoea kwamba safari inaishia do. Basi vidole vinakurudisha do bila wewe kujijua, na do ikishakuwa nyumbani, hilo ni pambio hata ukiliwekea distoshoni, ule mkwaruzo wa sauti ya roki, ya kubomoa spika.

Kwenye bluzi ya A nyumbani ni la. Do pale ni mgeni mkorofi, na ukorofi wake ndio utamu wenyewe. Kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, ya A7 ina A, C#, E na G. Yaani kodi inasema C#, wewe juu yake unasema C. Hawa wawili hawapatani, na mpiga bluzi hawasuluhishi kabisa: anaikamata C na kuisukuma juu kidogo, chini ya nusu toni, ibaki inaning'inia katikati. Noti hiyo huwezi kuibonyeza kwenye kinanda cha kanisani kwenu, maana iko kati ya kibonyezo cheupe na cheusi. Gitaa linaifikia kwa sababu uzi unavutika.

Jaribu leo usiku. Mwambie rafiki yako arekodi A7 peke yake kwenye simu, dakika mbili tatu. Weka kidole cha shahada uzi wa 3 (tunahesabu kuanzia ule mwembamba kabisa) freti ya 5, hiyo ndiyo C. Ipige na uiache ilie kavu mapigo manne. Ipige tena, safari hii uivute kidogo sana kuelekea sakafuni, kama unakwangua. Mara ya tatu, ipige kisha ugongee kidole cha kati freti ya 6 bila kupiga upya, ifike C# yenyewe. Zote tatu ni halali, lakini sikia zinavyotofautiana. Ya kwanza ni baridi, ya pili inalalamika, ya tatu inatabasamu. Ukishaanza kuchagua kati ya hizo kwa makusudi, pambio linaanza kuondoka.

Sasa kuvuta uzi, maana naona hapo ndipo panapokuumiza zaidi.

Uzi unavutwa ili ufike kwenye noti fulani, noti yenye jina. Wengi mnavuta mpaka kidole kichoke, pale kilipochokea ndiyo mnapaita noti. Fanya hivi. Piga uzi wa 2 freti ya 5. Hiyo ni E, mi yako. Iimbe kwa sauti, usione aibu, wapangaji wenzako watazoea. Halafu nenda uzi wa 3 freti ya 7, ambayo ni D, re. Imba re, mi. Sasa weka kidole cha pete kwenye hiyo re, cha kati na cha shahada vikae nyuma yake kwenye uzi huo huo vikisaidia kusukuma, na gumba lipande juu ya shingo ya gitaa, lishike kama unashika mpini wa jembe. Usisukume kwa kidole. Zungusha kifundo cha mkono kama unafungua kitasa, vidole vyenyewe vibaki vimekaza tu, uzi uende juu kuelekea usoni kwako. Simama pale ulipoimba mi.

Utajuaje umefika? Rudisha kidole cha shahada kwenye uzi wa 2 freti ya 5, cha pete kibaki na cha kati kwenye uzi wa 3, na upige nyuzi zote mbili kwa pamoja huku ukivuta. Noti mbili zikikaribiana bila kulingana, sauti inayumba, wo-wo-wo. Kadiri unavyokaribia, kule kuyumba kunapunguza kasi, wooo, wooo, kisha kunapotea kabisa na unabaki na sauti moja nene. Hapo umefika. Kasi ya kuyumba ni tofauti ya mitetemo ya nyuzi hizo mbili kwa sekunde, kwa hiyo huyo ni hakimu asiyehongeka. Rudia mara kumi kila siku kabla ya kupiga kitu kingine chochote, na baada ya wiki mbili jirekodi ukivuta bila kusaidiwa na uzi wa 2. Nakuhakikishia utakuta unaishia chini. Karibu kila anayeanza anaishia chini.

Ukishafika, usikimbie. Kaa juu ya noti, ilegeze kidogo na uirudishe, ilegeze na uirudishe, kwa mwendo sawa, bila kutetemeka kama mwenye homa. B.B. King, yule mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani, alijenga jina lake kwa mtikisiko huo wa kidole kuliko kwa wingi wa noti. Wazee waliokuwa Kinshasa mwaka 1974, kwenye lile tamasha lililoambatana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman, walimwona kwa macho yao. Albert King, mwenzake wa bluzi, naye alikuwa wa mkono wa kushoto, akashika gitaa la mkono wa kulia na kuligeuza bila kubadili mpangilio wa nyuzi, hivyo nyuzi zile nyembamba alizivuta kuelekea chini pale ambapo sisi tunasukuma juu. Ukimsikia anavyolia, usijilaumu kwamba vidole vyako ni dhaifu. Jamaa alikuwa anavuta kwa uzito wa mkono mzima.

Haya, chukua liki moja tu. Ishirini zako zifungie kabatini kwa mwezi. Vuta uzi wa 3 freti ya 7 toni nzima; piga uzi wa 2 freti ya 5; uzi wa 1 freti ya 5; rudi uzi wa 2 freti ya 8 kisha ya 5; uzi wa 3 freti ya 7, halafu ya 5 na ule mkwanguo mdogo tuliousema; malizia uzi wa 4 freti ya 7. Hiyo ya mwisho ni A, umefika nyumbani. Najua unaijua, kila mtu anaijua. Mapigo ni ya shafo: kila pigo ligawe mara tatu, upige la kwanza na la tatu. Kama mmewahi kuimba wimbo wa sita kwa nane, mwili wako unayajua tayari.

Mzunguko una baa 12, za muziki, kila moja mapigo manne, si zile za Sinza. Nne za A7, mbili za D7, mbili za A7, kisha E7, D7, A7, na E7 ya kugeuzia. Kwa mwendo wa mapigo 80 kwa dakika mzunguko mzima ni sekunde 36, kwa hiyo dakika kumi zinakupa mizunguko kumi na sita hivi. Piga liki ile ile mizunguko yote, ila ubadilishe sehemu ya kutua. Juu ya A7 tua A. D7 ikiingia, usishuke mpaka mwisho, ishia uzi wa 3 freti ya 7, D, au kama unataka kumshtua mtu, uzi wa 2 freti ya 7, yaani F#, noti ambayo haimo kwenye skeli yako lakini imo kwenye kodi. E7 ikija, ishia uzi wa 2 freti ya 5. Na hapa kuna jambo lililonichukua miaka kulisikia: ile C iliyokuwa inagombana na A7, kodi ikigeuka D7 inakuwa ndugu wa damu, kwa sababu D7 ni D, F#, A na C. Kidole hakijahama, uzi ni ule ule, ila maana imebadilika chini yake. Liki uliyoikariri kwenye video haiwezi kukufundisha hilo, maana kwenye video uliangalia vidole vya mtu, hukusikiliza besi. Bahati yako una rafiki wa besi.

Kuhusu ile ngazi ya kupanda na kushuka: unapiga bila kuhema. Nilipokuwa kijana nikipiga kwenye bendi moja Kinondoni, nilikuwa na ugonjwa huo huo. Nikipewa nafasi ya solo namwaga kila ninachojua, jasho linanitoka, watu wanarudi kukaa. Mzee wetu wa saksafoni akaniita pembeni wakati wa mapumziko na kunitaka nipige pale tu ninapotoa pumzi. Nikivuta hewa, mkono unyamaze. Usiku ule nilipiga solo fupi kuliko zote nilizowahi kupiga, na kwa mara ya kwanza mpiga tumba alinijibu. Fanya hivyo hivyo. Piga baa mbili, nyamaza baa mbili. Ukitaka mfano wa karibu, msikilize Mbaraka Mwinshehe, ambaye alikuwa anaimba na kupiga solo mwenyewe. Si bluzi ile, lakini sikia gitaa linavyosubiri sauti imalize kwanza ndipo liseme.

Nyuzi zako sasa. Gitaa kavu, hasa haya ya galatoni tunayorithishana, kwa kawaida linafungwa seti ambayo uzi wa tatu umezungushiwa waya. Ule hauvutwi toni nzima na binadamu wa kawaida. Ama unakata, ama unaishia njiani na kusikika vibaya. Ndiyo maana ukirudi kwenye la umeme Jumapili mkono haujui nguvu ya kutumia. Dawa ni rahisi: katika seti ya kawaida inayoanzia 0.012, uzi wa pili ni 0.016 usio na waya, na unene huo ndio wa uzi wa tatu kwenye seti nyepesi ya gitaa la umeme inayoanzia 0.009. Nunua uzi wa pili mmoja wa ziada, ufunge nafasi ya wa tatu, uutyuni G. Ukienda juu sana ya shingo utasikia noti zinapanda kidogo kupita kipimo, lakini kwa mazoezi ya freti ya 5 hadi 8 hutajutia.

Kama wa kanisani ndio unaokatika, tazama umekatikia wapi. Ukikatikia kwenye daraja, pale nyuzi zinapokalia kwenye mwili wa gitaa, pitisha kidole utahisi kikwaruzo. Kisugue na msasa laini. Kwenye mifereji ya kule kichwani paka unga wa penseli, uzi uteleze badala ya kung'ang'ania. Na futa nyuzi kila ukimaliza kupiga. Kwa joto letu hili, jasho na hewa ya bahari, uzi mpya unashika kutu kabla kwaya haijamaliza wimbo mpya.

Pedali nilisema iache, lakini kuna sababu moja ya kuinunua ambayo hukuiuliza. Siku utakapopata gitaa lako la umeme, najua utalichomeka kwenye sabufa ya sebuleni, na litatoka bubu, kama limefunikwa blanketi. Pikapu ya gitaa, ile sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi, haina nguvu ya kuliendesha tundu la sabufa moja kwa moja, hivyo sauti kali za juu zinamezwa. Pedali ya bei poa ikikaa katikati, ikiwa imewashwa, mara nyingi inalisaidia. Ila kipimo cha distoshoni kiweke chini kabisa, mpaka ile mi yako iwe inafika yenyewe.