Ukipangiwa wodi ya upasuaji wa ubongo, ijue kila hatari na saa yake

Wengi wanaoletwa kwetu, wawe madaktari wa mafunzo kwa vitendo au wauguzi waliohamishwa, huja wakihofia chumba cha upasuaji. Wanadhani ugumu wote uko kule, kwenye drili na darubini. Kule kuna watu wanne watano wanaomwangalia mgonjwa mmoja. Ugumu unaanza akisharudishwa kitandani, usiku, wakati wewe na mwenzako mna wodi nzima. Matatizo mengi ya baada ya kupasuliwa kichwa hujitokeza hapo, na karibu kila moja lina wakati wake wa kuja. Ukijua mgonjwa kafanyiwa nini, kwa ugonjwa gani, na sasa ni saa ya ngapi au siku ya ngapi tangu atoke, unajua pia la kuliwinda usiku huo.

Kwanza elewa fuvu lenyewe. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani yake ubongo unachukua takriban asilimia 80 ya nafasi, damu asilimia 10 na maji ya ubongo asilimia 10. Kimoja kikiongezeka, au akiingia mgeni wa nne kama uvimbe au damu iliyovilia, vingine havina budi kupungua. Vikishindwa, presha ya ndani ya kichwa inapanda. Kwa kawaida presha hiyo haizidi milimita 15 za zebaki kwa mtu mzima aliyelala. Kwa aliyeumia kichwa vibaya, ikipita 22 inatibiwa. Wageni huchelewa kuelewa kwamba mwanzoni mwili unajimudu vizuri sana. Mgonjwa anaongea, anaomba maji, anauliza ndugu zake wako wapi. Halafu nafasi inakwisha, na mililita chache tu za nyongeza zinamzamisha. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona alikuwa anaongea saa moja iliyopita," usitulie. Harakisha.

Kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotungwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974, utakijaza mpaka ukichoke. Usiandike jumla peke yake. Kumi ya huyu si kumi ya yule. Andika macho, sauti na mwendo kila kimoja na alama yake, maana mwendo ndio unaosema mengi zaidi. Aliyekuwa anatii ukimwambia nyoosha vidole viwili, sasa anapeleka tu mkono pale unapombana: ametoka 6 akaingia 5, na kwangu hiyo inatosha kumpigia simu mkubwa wa zamu. Usingoje raundi ya asubuhi. Na tafadhali, "amelala" saa nane za usiku si kipimo. Mwamshe, muulize, mwombe akuoneshe vidole. Akinung'unika vizuri kwa sentensi nzima, shukuru na uandike.

Kipo kipimo kingine kidogo ninachokipenda kuliko mashine. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, afumbe macho. Hesabu taratibu mpaka 10 huku ukiangalia viganja badala ya uso. Mkono ulioanza kudhoofika hauanguki ghafla. Kiganja kinaanza kugeukia ndani, kidole gumba kikitangulia, kisha mkono mzima unazama polepole. Mgonjwa mwenyewe hana habari. Hilo linaweza kuonekana kabla hajalalamika udhaifu wowote.

Mboni moja ikitanuka na kukataa kuitikia mwanga, huenda ubongo umeshasukumwa ukabana neva ya tatu. Na ile tatu maarufu iliyobeba jina la daktari wa upasuaji wa ubongo Harvey Cushing, yaani presha ya damu kupanda, mapigo kushuka na pumzi kuvurugika, ni dalili za mwishoni. Anayezingoja ndipo apige simu atakuwa anamwita daktari kwa mtu anayeondoka.

Sasa tuje kwenye saa zenyewe. Fuvu likifunguliwa kwa ajili ya uvimbe, adui wa saa 6 za kwanza ni damu kuvilia pale palipofanyiwa kazi. Presha ya damu iliyoachwa juu, kutapika mfululizo, kukohoa kwa nguvu, vyote vinamsaidia adui huyo. Mgonjwa aliyekuwa mtulivu akianza kuhangaika na kung'oa mirija, wageni hukimbilia dawa ya kumtuliza. Angalia kwanza kama katheta imeziba na kibofu kimejaa, kama anaumia, kama oksijeni imeshuka, kisha fahamu na mboni. Ukishamlaza kwa dawa, umejifungia dirisha pekee ulilokuwa nalo. Siku ya pili na ya tatu ndizo za ubongo wenyewe kuvimba, na degedege linaweza kuja wakati wowote kati ya hapo. Mlaze kichwa kimeinuka nyuzi 30, shingo imenyooka ili vena za shingo zisibanwe. Usimtundikie dripu ya glukosi ya asilimia 5 kama maji ya kawaida ya kumtunza: sukari ikishatumika yanabaki maji matupu, nayo yanavutwa na ubongo ambao tayari umevimba.

Kwa majeruhi, tofautisha damu na damu. Ile inayokaa kati ya fuvu na utando mgumu mara nyingi hutoka kwenye ateri, fuvu likiwa limepasuka karibu na panja. Mtu anazimia, anazinduka, anaongea, kisha anazama. Kwenye CT, ile picha ya kompyuta, inaonekana imetuna pande zote mbili kama lenzi. Ikitolewa mapema anaweza kurudi mzima kabisa, ndiyo maana hapa dakika zina thamani kuliko pengine popote. Ile ya chini ya utando hutanda kwa umbo la mwezi mwandamo, na ikiwa ni ya papo hapo mara nyingi ubongo wenyewe nao umeumia, hivyo matokeo yake ni mabaya zaidi hata upasuaji ukienda vizuri. Waambie ndugu hilo kabla, si baada.

Kuna pia ya wazee, inayojikusanya taratibu wiki kadhaa baada ya kujigonga kidogo ambako hakuna anayekukumbuka. Nyumbani wanasema uzee umemwingia, hospitali ya kwanza imesema kiharusi. Inatolewa kwa matundu mawili ya drili, na siku ya pili mzee anadai redio yake. Tatizo lake ni kurudi. Jaribio lililofanyika Cambridge na kuchapishwa mwaka 2009 lilionesha kuwa kuacha mrija wa kutoa mabaki kulishusha idadi ya waliorudia upasuaji kutoka asilimia 24 hadi kama 9. Kwa hiyo mrija huo si pambo. Usiutoe kabla ya muda ulioandikwa kwa sababu tu unamsumbua.

Upande wa dawa nitasema moja. Deksamethasoni, ambayo ni steroidi, hufanya maajabu kwa uvimbe unaozungukwa na majimaji, na mgonjwa anaweza kubadilika ndani ya siku moja mbili. Kwa majeruhi wa kichwa usiiguse. Jaribio la CRASH, lenye wagonjwa zaidi ya 10,000, lilionesha mwaka 2004 kwamba steroidi iliongeza vifo. Bado nakuta imeandikwa kwa mazoea.

Mrija wa nje wa kutoa maji ya ubongo nautaja peke yake, kwani sijaona kifaa kinachoonekana rahisi kikaleta balaa kama hiki. Ncha iko ndani ya ventrikali, yaani chumba cha maji ndani ya ubongo, chombo kinaning'inia kwenye nguzo kando ya kitanda, na sifuri yake inalinganishwa na tundu la sikio. Daktari anaandika urefu, tuseme sentimita 10 juu ya sikio. Sasa anakuja ndugu na uji, anainua kitanda ili mgonjwa ale vizuri. Sikio limepanda, chombo kimebaki palepale, maji yanamiminika. Ventrikali zinanywea, ubongo unajivuta kutoka kwenye fuvu, vena ndogo zinazovuka hapo zinaweza kukatika. Kitanda kikishushwa ni kinyume chake: maji yanagoma kutoka na presha inapanda bila mtu kujua. Utaratibu ni mmoja kwa kila anayemgusa, awe wa mazoezi ya viungo, wa mashuka au wa kumpeleka CT: funga, msogeze, linganisha upya, fungua. Hilo neno la mwisho ndilo husahaulika.

Mwili hutengeneza kama nusu lita ya maji haya kwa siku, yaani takriban mililita 20 kwa saa, basi andika kila saa kilichotoka. Kikiwa sifuri kwa saa mbili mfululizo, usiandike sifuri ukaondoka. Tazama kama maji ndani ya mrija yanachezacheza kwa mapigo. Yasipocheza, umeziba au umechomoka. Usiufungue kuchukua sampuli bila sababu, maana kila kuufungua ni kuwapa bakteria njia. Maji yaliyokuwa angavu yakiwa na ukungu, au yakigeuka damu mbichi, piga simu.

Watoto wa kichwa maji wanahitaji masikio yako zaidi ya macho. Wengi huwekewa shanti, mrija wa ndani unaopeleka maji tumboni. Theluthi moja au zaidi ya shanti za watoto huharibika ndani ya mwaka wa kwanza, na maambukizi, mengi yakitokana na bakteria wa ngozi, hupendelea miezi ya mwanzo. Mtoto mchanga utamjua kwa utosi uliojaa, macho yanayotazama chini, kutapika, na mzingo wa kichwa unaokua kuliko kawaida. Lakini mama hutangulia dalili hizo zote. Mama mmoja aliniambia tu, "Dokta, mwanangu leo hanitazami." Utosi ulikuwa laini, joto la kawaida, na mtu mwenye haraka angemrudisha nyumbani. Shanti ilikuwa imeziba. Mama mwenye mtoto wa shanti akisema hayuko sawa, mimi naanza na imani kwamba ni kweli mpaka picha inikatalie.

Njia nyingine ni kutoboa sakafu ya ventrikali ya tatu kwa kamera ili maji yajipitie yenyewe. Huko Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf aliiunganisha na kuunguza tishu zinazotengeneza maji hayo, akawasaidia watoto wengi kuepuka shanti. Haiachi kifaa mwilini, ila kuna ateri kubwa chini kidogo ya pale panapotobolewa, na tundu linaweza kujifunga baadaye, hata baada ya miaka. Basi usimwambie mzazi kuwa amepona moja kwa moja.

Uvimbe wa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, hutolewa kupitia puani, na mgonjwa huamka bila kovu la kuonekana, jambo linalowapumbaza wageni. Usiku huo kazi yako ni mkojo. Akianza kukojoa mwingi, mweupe kama maji, na kiu haikatiki, homoni ya kuzuia mkojo imepungua. Pima sodiamu, yaani chumvi ya damu, mara moja na usimzuie kunywa. Halafu mwinamishe mbele kidogo. Kama pua inadondosha maji angavu, hayo si mafua, ni maji ya ubongo, na mlango wa homa ya uti wa mgongo uko wazi. Asipenge, na mtu asimpitishie mrija wowote puani. Uwezo wake wa kuona upime kila zamu, hasa pembeni. Uvimbe unaotoa prolaktini kwa kawaida hutibiwa kwa dawa kwanza, hivyo usishangae ukimwona mwenye uvimbe mkubwa anapelekwa kliniki badala ya kisu.

Ateri iliyotuna ndani ya kichwa ikipasuka, mtu husema ni maumivu ya kichwa ambayo hajawahi kuyaona, yaliyofika kileleni papo hapo. Siku ya kwanza hofu ni kupasuka tena. Ikishabanwa kwa klipu au kujazwa koili kupitia mshipa, familia hupumua, na wewe unaanza kuhesabu. Kati ya siku ya 4 na ya 14 ateri za ubongo hujikaza na kunyima sehemu damu. Mgonjwa wa siku ya saba aliyeanza kuchanganya maneno si mchovu. Nimodipini miligramu 60 kila saa 4 kwa siku 21 maana yake ni pamoja na ile dozi ya usiku wa manane ambayo kila mtu anatamani kuiruka. Sodiamu nayo hushuka kipindi hiki, na kumnyima maji mgonjwa huyu ili ipande kunaweza kumletea kiharusi.

Ya mgongo nitapita haraka. Aliyepasuliwa shingo kwa mbele akivimba shingo, sauti ikabadilika, pumzi ikabana, ni damu inayoziba njia ya hewa: kidonda hufunguliwa palepale kitandani, CT baadaye. Aliyepasuliwa kiuno asiyekojoa, anayehisi ganzi sehemu anazokalia, anahitaji picha usiku huohuo.

Na yule aliyeondolewa kipande cha fuvu ili ubongo upate nafasi, bandika karatasi juu ya kitanda: HANA MFUPA KULIA, au kushoto. Asilazwe upande huo. Ngozi ya hapo iguse kila zamu uandike: laini, imejaa, au ngumu. Akiruhusiwa, ndugu waondoke wakijua mfupa uko wapi na unarudishwa lini, dawa ya degedege haiachwi ghafla hata kama hajawahi kuanguka, na kidonda kikitoa maji angavu hata tone moja wasingoje tarehe ya kliniki.