Serva ya Likasi haipokee mafaili tena: usifute kitu kwanza

Yaya, kama nimekuelewa vizuri, serva ya hapa Lubumbashi na ile ya Likasi, zote Windows Server 2012, zilikuwa zinapashana mafaili na DFS (huduma ya Windows inayonakili mafaili toka serva moja mpaka ingine) bila shida, kisha umeme ukakatika usiku na tangu siku ile Likasi haipokee kitu, na kwenye skrini hakuna kosa hata moja. Na mutu wa rezo anakwambia ni laini. Mi nasema acha laini kwanza. Kama huku unafungua folda ya kule bila shida, laini haina kosa. Sawa, fayawoli (ule ukuta wa ulinzi wa rezo) inaweza kuziba porti 135 ama zile za juu kuanzia 49152, lakini hiyo haingengoja umeme ukatike njo ianze.

Ingia kwenye logu (daftari la matukio) ya DFS Replication, njo ile DFSR, serva zote mbili, utafute ujumbe namba 2213. Karibu nina hakika iko. Maana yake mashine ilizimika ghafla, database ya DFSR haikufungwa vizuri, njo maana imesimama makusudi inangoja mutu aiambie iendelee. Haijakufa. Shida ni vile batu bengi wakiona kimya wanafuta grupu yote ya kupashana mafaili wanaanza upya, halafu serva zinalinganisha kila faili moja moja, na kwa laini zetu hizi hiyo utaingoja mpaka uchoke, tena ukikosea kuchagua serva ya kwanza, faili mpya za upande mwingine zinasukumwa pembeni na za zamani zinachukua nafasi. Hapo njo bosi anakuita.

Fanya kopi ya data pande zote, hiyo usiruke. Kisha soma ujumbe wa 2213 mpaka chini, komandi inayoanza na wmic iko ndani tayari na namba ya volyumu (diski) yako, unaikopi unaibandika kwenye cmd uliyofungua kama administrata. Subiri 2214, njo inasema imepona. Diski ikiwa kubwa inachukua masaa, usirestati eti imeganda.

Kitu kimoja cha kuchunga ni siku. Zikipita siku 60 bila kupashana utaona ujumbe 4012, njo DFSR imekataa kuendelea, na hapo usilazimishe, rudi hapa kwanza.

Ikishaanza, piga komandi dfsrdiag backlog uone foleni ya mafaili yanayongoja inapungua. Ikigoma na logu inajaa 4202 na 4204, stejing (folda ya muda ambamo faili zinapita kabla ya kutumwa) ni ndogo. Ya kawaida ni 4096 MB, lakini jumlisha ukubwa wa faili zako 32 kubwa kuliko zote, hiyo jumla njo kipimo cha chini. Na faili ambayo mutu ameifungua asubuhi mpaka jioni haipite mpaka aifunge, hiyo hakuna dawa.

Halafu nunua ondulera (UPS, ile betri ya akiba) yenye kebo ya kuzima serva yenyewe kabla betri iishe, la sivyo 2213 utaiona kila delestaji, kila umeme ukikatwa.

Bekapu za kontabilite unazosema hazijawahi kufika Likasi hata siku moja, hiyo ni shida ingine. Angalia mwisho wa jina. Kama ni .bak, DFSR inaziruka toka mwanzo, sawa na .tmp na zile zinaanza na ~. Unaweza kutoa .bak kwenye filta (orodha ya faili zinazorukwa), ila mi singefanya hivyo, faili kubwa namna ile kila siku itaziba foleni ya wengine. Zipeleke na robocopy, komandi ya Windows ya kukopi faili, usiku.