Mume anataka turudi kwao Ushongo, mimi nataka kubaki Morogoro

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 54, mume wangu 61. Tunaishi Kihonda, Morogoro, kwenye nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo tangu watoto wakiwa wadogo. Tangu mwenzangu astaafu hana raha, anashinda sebuleni na televisheni. Sasa anataka tuuze nyumba tuhamie kwao Ushongo, Pangani, kwenye shamba la minazi la marehemu baba yake, tujenge pale pale ufukweni. Ana kisukari, anachoma insulini. Watoto wetu wako Dar na Dodoma, wanakuja kutuona kwa treni. Nikisema atangulie peke yake kwa muda, majirani wananitisha kwamba ataoa huko. Nikikataa, wifi zangu wa Tanga watasema simjali kaka yao. Nifanye nini?*

*Mama wa Kihonda*

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa mawazo.

Nyumba ya Kihonda isiuzwe. Nimelitanguliza hilo kwa sababu ndilo pekee ambalo likishafanyika halirudi nyuma. Na usidhani unaomba hisani: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Usitie sahihi karatasi yoyote kwa kuona haya, hata akikuletea mbele ya wageni.

Sasa hilo shamba. Umeandika "shamba la marehemu baba yake", na palepale umetaja wifi zako wa Tanga. Je, mirathi ya mzee ilifunguliwa? Kwenye barua yako sijaliona hilo, na nimeona familia nyingi za pwani zikikaa miaka na miaka na shamba la marehemu bila kugawana. Mmoja anaangusha nazi, mwingine anatumiwa kidogo sikukuu, maisha yanaendelea. Siku mmoja anapoanza kuchimba msingi ndipo kila mtu anakumbuka haki yake. Kama mzee alikuwa Mwislamu, mabinti zake wana mafungu yao, na hayafutiki kwa sababu kaka yao ndiye aliyerudi kijijini. Mumeo akatafute kwanza usimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo, shamba lipimwe, kila mmoja ajue minazi yake inaishia wapi. Kabla ya hapo, mkimwaga kiinua mgongo na pesa za nyumba pale, mtakuwa mmejenga kwenye ardhi ya watu watano.

Na "pale pale ufukweni" haiwezekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Apande juu kidogo, upepo ni ule ule.

Kuhusu afya yake nitasema wazi, maana naona unalizungukazunguka. Mtu wa insulini anahitaji friji na umeme wa kuaminika, duka la dawa lisilokaukiwa, na hospitali ya kukimbilia sukari ikishuka usiku wa manane. Ushongo iko kusini ya Mto Pangani. Ukitoka huko kwenda hospitali ya rufaa ya Bombo unavuka mto kwanza, kisha bado una zaidi ya kilomita 40 kufika Tanga mjini. Mradi wa daraja na lami ya Tanga hadi Bagamoyo ni neema kubwa, na mumeo ana haki ya kuuhesabu. Ila barabara nzuri haimpi mtu gari saa nane za usiku. Nani atamshika mkono usiku huo? Wewe, ugenini, peke yako. Morogoro una hospitali ya rufaa ya mkoa mjini hapo hapo, na tangu SGR ianze mwaka 2024, mtoto wa Dar anafika kwa saa mbili hivi.

Lakini mdogo wangu, nimemhurumia sana mumeo. Mtu aliyezoea kuamka ana pa kwenda, leo anashinda na televisheni mpaka jioni. Kihonda ni mageti na kuta. Ushongo akipita njiani anaitwa kwa jina la baba yake, anakaa barazani, anaulizwa shauri. Ukimjibu kwa hospitali na treni tu, atasikia unamwambia akae kimya asubiri kufa. Mwambie umeliona hilo. Mwambie kabla hujataja mirathi wala sheria.

Kisha kubalianeni aende. Achukue mwezi mmoja, na asichague Desemba, wakati kijiji kimejaa wageni na kila mtu amerudi kwao. Aende Aprili, masika yenyewe, njia zikiwa tope, wavuvi hawatoki na samaki ni wa kutafuta. Aende na kiboksi cha dawa, alale kwa ndugu, ashughulikie mirathi, awatafute wakwezi na aone bei ya nazi shambani. Wiki ya mwisho umfuate. Akirudi bado anataka, jengeni vyumba viwili vya kwendea na kurudi, kwa fungu lake halali, huku nyumba ya Kihonda ikibaki kwenu. Kuhama moja kwa moja sikushauri, na ningesema hivyo hata angekuwa kaka yangu wa tumbo moja.

La majirani: anayetaka kuoa hazuiwi na umbali, Morogoro pia kuna wanawake. Kama una sababu yako mwenyewe ya kumshuku, hiyo ni barua nyingine, niandikie. Kama ni maneno ya kibarazani tu, usiyaingize kwenye mazungumzo haya, yatamfanya ajitetee badala ya kukusikiliza.

Anza na wifi zako. Wapigie wiki hii, waulize habari ya mirathi kabla hawajasikia habari ya ujenzi. Nakuhakikishia watataka kuongea.